Boti ya rimoti inavyomfundisha mvuvi hesabu ya injini ya umeme

Wavuvi wa dagaa katika Ziwa Victoria wamekwisha kuzoea betri. Karabai za mafuta ya taa zilizokuwa ziking'aa ziwani usiku zimeziachia nafasi taa za umeme, na wengi hawatamani kurudi nyuma. Sasa linalozungumzwa ni injini yenyewe. Upande wa Kenya wa ziwa hilo, injini za umeme za kufunga nyuma ya mtumbwi zimeanza kukodishwa kwa wavuvi, na habari ya injini isiyokunywa petroli husafiri haraka kutoka mwalo mmoja hadi mwingine.

Ni habari njema, lakini mkopo hulipwa kwa hesabu, haulipwi kwa habari. Anayetaka kuijua hesabu ya boti ya umeme kwa gharama ndogo ana darasa moja zuri: kutengeneza kwa mikono yake boti kubwa ya mashindano inayoendeshwa kwa rimoti. Fundi wa mitumbwi akishirikiana na fundi wa redio wanaweza kuikamilisha, na kila kosa la boti kubwa hujitokeza kwanza katika hiyo ndogo.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1898, Nikola Tesla aliwaonyesha watu katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, boti ndogo aliyoiongoza kwa mawimbi ya redio. Boti hiyo ilitumia mota ya umeme na betri. Leo mashindano ya boti za aina hiyo yana vyama vyake, kama NAVIGA barani Ulaya na NAMBA nchini Marekani.

Umbo na mbao

Tuchukue boti yenye urefu wa sentimita 120. Kazi huanza kwa kuchora mkuku na mataruma kwenye karatasi, kisha kukata plaiwudi nyembamba ya milimita 3. Mataruma husimamishwa juu ya ubao ulionyooka, hufunikwa kwa plaiwudi, na viungo hujazwa gundi ya epoksi. Nje huwekwa kitambaa cha faiba na epoksi, kisha msasa hadi pawe laini.

Sehemu ya chini upande wa tezi lazima iwe imenyooka kabisa. Boti ya mashindano haipasui maji kama mtumbwi. Ikishika kasi hupanda juu ya maji, na sehemu ndogo tu ya nyuma ndiyo inayogusa. Kibonye kidogo hapo huifanya irukeruke au ipinduke.

Uzito nao una mahali pake. Boti ikiwa imekamilika, pamoja na betri zake, sehemu ya kati ya uzito iwe karibu asilimia 30 ya urefu ukipima kutoka tezi. Kwa boti yetu ni sentimita 36. Betri huwekwa kwenye reli ili ziweze kusogezwa mbele au nyuma wakati wa majaribio. Omo ijazwe lile povu gumu jeupe linalofungiwa televisheni mpya, ili boti ikipinduka isizame na mali yote.

Nguvu inatoka wapi

Mota inayofaa ni ile isiyo na brashi. Juu yake huandikwa namba inayoonyesha mizunguko kwa dakika kwa kila volti 1, mota ikiwa haina mzigo. Betri za lithiamu za mashindano zina seli za volti 3.7 kila moja. Seli 10 zikiungwa kwa mfululizo hutoa volti 37. Mota ya namba 900 itazunguka mara 33,300 kwa dakika. Zidisha volti kwa ampea utapata wati: volti 37 kwa ampea 100 ni wati 3,700. Kwa kuwa nguvu-farasi 1 ni wati 746, hiyo ni sawa na farasi 5.

Hapa ndipo wengi hushangaa. Mota hiyo ina uzito wa takriban kilo 1, wakati injini ya petroli ya farasi 5 ina kilo 20 na zaidi. Kwa upande wa mota, basi, umeme umeshinda. Lakini mota haifanyi kazi bila betri.

Boti yetu inabeba betri 4 zenye seli 5 kila moja na ujazo wa ampea-saa 5. Zikiungwa mbili mbili kwa mfululizo, kisha jozi hizo zikawekwa sambamba, tunapata volti 37 na ampea-saa 10, kwa uzito wa kilo 2.5 hivi. Ukitumia ampea 100 mfululizo, umeme wote unakwisha kwa dakika 6. Na kwa kuwa betri ya lithiamu haitakiwi kumalizwa kabisa, inabidi kubakiza moja ya tano. Zinabaki dakika 5 zisizotimia.

Kwa mashindano, dakika hizo zinatosha. Kwa mtu anayekwenda kutega nyavu, hazitoshi hata kuuacha mwalo.

Joto, maji na moto

Jambo la pili ambalo boti ndogo hufundisha ni rafadha. Ukiongeza kipenyo chake kwa milimita chache tu, ampea hupanda kwa kiasi kikubwa na mota huanza kuchemka. Mafundi wenye uzoefu huanza na rafadha ndogo, huiendesha boti dakika 1, huirudisha na kupima joto la mota, betri na kifaa cha kudhibiti mwendo. Vifaa hivyo hupozwa kwa maji ya ziwa yanayoingia kwa mrija mwembamba. Shafti ipakwe grisi kila baada ya kuendesha.

Usalama usifanyiwe mzaha. Rafadha inayozunguka mara 30,000 hukata kidole. Kwa hiyo kuwe na kiungo cha waya nje ya boti kinachochomolewa kukata umeme kabla ya mtu kuigusa. Betri zichajiwe juu ya sakafu ya saruji, kwa chaja inayosawazisha seli, na mtu awepo muda wote. Betri iliyovimba isitumike tena.

Kutoka kwenye rimoti hadi kwenye mtumbwi

Sasa tuipeleke hesabu hiyohiyo mwaloni. Mvuvi anataka farasi zile zile 5, lakini kwa saa 2. Wati 3,700 kwa saa 2 ni uniti 7.4, uniti zile zile tunazonunua za nyumbani. Mkusanyiko wa betri za boti yetu una uniti 0.37. Anahitaji mikusanyiko 20, yaani kilo 50. Akiongeza akiba ya moja ya tano, anazidi kilo 60.

Tena betri za mashindano huchoka upesi. Kwa kazi ya kila siku zinafaa zaidi betri za lithiamu zenye chuma na fosfeti, ambazo zikitunzwa huweza kuchajiwa mara 2,000 au zaidi. Hizo ni nzito zaidi. Jumla inaweza kukaribia gunia la mahindi. Mtumbwi utazibeba, ila uzito huo ni samaki ambao hawatapakiwa.

Petroli je? Lita 1 ina nishati ya karibu uniti 9, lakini injini ndogo hufikisha kwenye rafadha kama moja ya tano tu. Iliyobaki ni joto na moshi. Safari hiyo ya saa 2 ingekula lita 4 hivi. Kwa umeme, ukihesabu na upotevu wa kuchaji, ni uniti 8 hadi 9.

Hivyo kila mvuvi anaweza kujifanyia hesabu yake. Chukua bei ya lita 4 za petroli mahali pako, toa bei ya uniti 9. Kinachobaki ndiyo akiba ya safari moja. Tuseme, kwa mfano tu, akiba ni Sh8,000. Wavuvi wa dagaa hupumzika mwezi unapong'aa, kwa hiyo tuweke safari 20 kwa mwezi. Akiba ni Sh160,000 kwa mwezi, au Sh1,920,000 kwa mwaka. Mota, betri na chaja vikigharimu Sh6,000,000, fedha itarudi baada ya miaka 3 na kidogo, kabla ya riba. Riba ikiongezwa, muda unarefuka. Dhamana ya betri ikiwa ni miaka 2 tu, afadhali kukodi kuliko kununua.

Mwendo nao ni fedha. Kwa mtumbwi unaokwenda taratibu, kupunguza mwendo kwa robo hupunguza nguvu inayohitajika kwa zaidi ya nusu. Anayekubali kufika akiwa amechelewa kidogo anaweza kununua betri ndogo zaidi. Na pale mwaloni pasipo na umeme wa gridi, paneli za wati 1,000 haziwezi kujaza uniti 9 kwa siku moja. Zinahitajika kama wati 2,000 na jua zuri.

Nani aanze

Kwa hesabu hizi, anayevua dagaa karibu na ufukwe na kurudi mwalo uleule kila asubuhi ana sababu ya kulifikiria jambo hili. Anayefuata sangara mbali kwa injini ya farasi 40 bado hana: betri za kumfikisha huko na kumrudisha zingejaza mtumbwi.

Kikundi cha wavuvi au saccos kinachotaka kuingia katika biashara hii kingefanya vyema kuwapa mafundi wake boti ya rimoti waitengeneze kwanza. Plaiwudi na gundi ni sehemu ndogo ya gharama. Fedha nyingi huenda kwenye mota, kidhibiti na betri. Siku muuzaji wa injini atakapofika, wawepo watu wa kumuuliza maswali matatu: betri ina uniti ngapi, ina kilo ngapi, na imedhaminiwa miaka mingapi. Asiyeweza kuyajibu, asitiliwe saini.