Kwa nini kaburi la gavana wa Bomet liko Fort Ternan

MSAFIRI anayeteremka kutoka mashamba ya chai ya Kericho kuelekea Soin huona chai ikitoweka, miwa ikianza na joto likizidi. Katika ukanda huu wa mpaka na Kisumu, Wakipsigis na Waluo wameuziana, wameoana na, majira ya uchaguzi, wameshukiana. Upande wa Kisumu, huko Fort Ternan, ndiko alikozikwa Dkt Joyce Laboso mnamo Agosti 2019, ilhali alikuwa gavana wa Bomet.

Sababu ni ndoa. Mumewe ni Mluo, na kwa mila za jamii zote mbili mke huzikwa kwa mume. Lakini ndoa hiyo ndiyo iliyogeuzwa silaha dhidi yake mwaka 2017, alipowania ugavana na kuambiwa akatafute kura ukweni. Kwa hoja hiyo, mwanamke aliyeolewa nje ya kabila hana pa kusimama: kwao amekwisha kuhama, na alikoolewa ni mgeni. Mwanamume aliyeoa nje haulizwi swali hilo.

Sheria haikuwa na utata. Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia na hali ya ndoa. Shida ilikuwa vinywani mwa watu.

Laboso, aliyekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Egerton, aliingia siasa kwa msiba. Juni 10, 2008, dadake Lorna, mbunge wa Sotik, alifariki katika ajali ya ndege pamoja na Waziri wa Barabara Kipkalya Kones, mbunge wa Bomet. Septemba mwaka huo, Sotik ilimchagua Joyce, nayo Bomet ikamchagua Beatrice, mjane wa Kones. Mwaka 2013 Laboso akawa Naibu Spika wa Bunge la Kitaifa.

Agosti 2017 wapigakura wa Bomet walitoa jibu lao kuhusu suala la ukweni: walimwangusha Isaac Ruto, gavana aliyekuwa mamlakani, wakamchagua Laboso. Yeye, Charity Ngilu wa Kitui na Anne Waiguru wa Kirinyaga wakawa wanawake wa kwanza kuchaguliwa magavana nchini.

Saratani ilimuua Julai 29, 2019, kabla ya kumaliza muhula wake wa kwanza. Katika uchaguzi wa 2022 magavana wanawake walifika 7. Bomet na Kericho zilichagua wanaume.