Kompyuta ya nyumbani: Jinsi ya kuchagua vifaa na programu za kutunza nakala

Na Mwandishi Wetu

KOMPYUTA ikiibwa au ikiungua, nyingine hununuliwa dukani. Lakini picha za harusi, tasnifu ya mwanafunzi au hesabu za duka zilizokuwa ndani yake haziuzwi popote. Ndiyo maana kila mwenye kompyuta nyumbani anahitaji nakala ya akiba, na anahitaji kuichagulia vifaa na programu kwa makini.

Kwa mkazi wa Msasani, hatari hizi si za kufikirika. Umeme hukatika ghafla na pengine kurudi ukiwa na nguvu kupita kiasi. Upepo wa Bahari ya Hindi huja na chumvi na unyevunyevu unaokula vyuma. Katika eneo la Bonde la Mpunga, mvua kubwa huingiza maji hadi ndani ya nyumba. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipolikumba Jiji la Dar es Salaam, watu zaidi ya 40 walipoteza maisha na maelfu wakabaki bila makazi. Katika hali kama hiyo mtu huokoa watoto. Hana nafasi ya kurudi kuchukua kompyuta.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, mtu asianze kwa kuuliza kifaa kipi ni kizuri. Ajiulize kwanza ni nakala ipi itakayobaki endapo nyumba nzima itapatwa na janga.

Kanuni ya tatu, mbili, moja

Jibu jepesi lipo katika kanuni iliyoenezwa na mpigapicha wa Marekani, Peter Krogh. Kanuni hiyo inataka kila faili muhimu liwe na nakala tatu, zikae katika vifaa vya aina mbili tofauti, na moja iwe nje ya nyumba. Nakala ya kwanza ni ile iliyomo kwenye kompyuta yenyewe. Kinachobaki ni kuchagua mbili nyingine.

Kuchagua kifaa

Kwa nyumba nyingi, kifaa kinachofaa zaidi kwa nakala ya pili ni diski ya nje inayounganishwa kwa waya wa USB. Zipo za aina mbili. Ya kwanza ina sahani zinazozunguka ndani yake; bei yake ni nafuu na hubeba mafaili mengi, lakini ikianguka ikiwa inafanya kazi huweza kuharibika mara moja. Ya pili, iitwayo SSD, haina sehemu inayozunguka. Ina kasi na huvumilia misukosuko, ila ni ghali zaidi na haifai kuachwa kabatini miaka mingi bila kupewa umeme.

Nunua diski yenye nafasi angalau mara mbili ya mafaili uliyo nayo sasa. Flashi hufaa kwa kusafirisha mafaili, lakini usiitegemee kuwa akiba pekee, kwani hupotea kirahisi. Aidha, sokoni zipo flashi na diski bandia zinazojitangaza kuwa na nafasi kubwa kuliko ilivyo kweli; hupokea mafaili yote, kisha siku ya kuyahitaji hayafunguki. Kabla ya kuiamini, ijaze kwa programu ya bure kama H2testw, ambayo hupima nafasi halisi.

Ihifadhi diski ndani ya chombo kinachofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyopatikana kwenye maboksi ya viatu. Kompyuta ya mezani iwekewe UPS, ili umeme usikatike katikati ya kunakili.

Kuchagua programu

Kunakili kwa mkono kuna kasoro moja kubwa: watu husahau. Programu nzuri hufanya kazi hiyo yenyewe, na hutunza matoleo ya nyuma ya faili. Watumiaji wa Windows wanayo File History, ambayo ikishawashwa hunakili kila saa. Wenye kompyuta za Apple wana Time Machine, iliyoanza mwaka 2007. Zote mbili hazihitaji malipo ya ziada. Anayetaka kunakili diski nzima, pamoja na mfumo wenyewe, anaweza kutumia Clonezilla, ambayo nayo ni ya bure.

Matoleo ya nyuma yana umuhimu wake. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Virusi vya aina hiyo huweza kufunga pia diski iliyochomekwa. Hivyo, ukimaliza kunakili, chomoa diski na uiweke kando.

Nakala ya mtandaoni

Nakala ya tatu inaweza kukaa mtandaoni. Google hutoa nafasi ya gigabaiti 15 bila malipo, na OneDrive ya Microsoft gigabaiti tano. Hata hivyo, huduma hizi huenda sambamba na kompyuta: ukifuta faili nyumbani, hufutika na huko, ingawa hubaki kwa muda kwenye pipa la taka.

Tatizo jingine ni bando. Kupakia gigabaiti 200 kwa kasi ya megabiti tano kwa sekunde huchukua takriban saa 89, yaani karibu siku nne mfululizo. Na Mei 2024, hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilivuruga intaneti Tanzania na nchi jirani. Kwa sababu hiyo, weka mtandaoni hati na picha muhimu zaidi tu. Mafaili mazito yaingize kwenye diski nyingine, kisha umpe ndugu anayeishi mbali na kwako. Ifunge kwa neno la siri ambalo hutalisahau.

Jaribu kabla ya janga

Hatua ya mwisho ndiyo inayopuuzwa zaidi. Mara moja kila mwezi, rudisha mafaili machache kutoka kwenye nakala, ikiwezekana kwa kompyuta nyingine, uone kama yanafunguka. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kumbukumbu ukishaanguka, hakuna fundi wa kuujenga upya.