2,147,483,647: namba inayokataa kugawanywa

Je, wajua kwamba punje moja ya kahawa inaweza kukufikisha kwenye namba iliyomo ndani ya kompyuta? Tuseme uko Namakwekwe, mjini Mbale, Uganda, na una gunia la kahawa iliyoshuka kutoka Mlima Masaba (Elgon). Tarehe 1 Januari weka punje moja mezani. Kesho ongeza mbili, keshokutwa nne, kisha nane. Kila siku weka maradufu ya jana. Gunia halitakufikisha mbali: tarehe 31 utahitaji jumla ya punje 2,147,483,647, mamia ya tani.

Sasa zigawe. Kwa watu 2, inabaki moja. Kwa 3, inabaki moja. Kwa 7, moja vilevile. Ita Mbale nzima, bado hazitagawanyika sawasawa. Hiyo ndiyo namba tasa: hugawanyika kwa 1 na kwa yenyewe basi.

Si kila siku ya mwezi hutoa tasa. Tarehe 5 una punje 31, tasa. Tarehe 7 una 127, tasa. Tarehe 11 una 2,047; waweza kuapa ni tasa, kumbe watu 23 wanagawana, kila mmoja punje 89. Namba tasa za ukoo huu huitwa za Mersenne, kwa jina la mtawa Mfaransa wa karne ya 17, na yetu ni ya nane.

Aliyethibitisha kwamba yetu ni tasa ni mwanahisabati Leonhard Euler, mwaka 1772, macho yake yakiwa karibu yamezimika. Aligundua kwamba kigawo chochote cha namba hii kilicho tasa, ukikigawa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Kwa hoja hiyo moja, maelfu ya majaribio yakapungua hadi kama 370. Namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, iliyopatikana Oktoba 2024, ni ya ukoo huohuo: ungeongeza punje kwa siku 136,279,841, na jumla yake ingekuwa na tarakimu 41,024,320.

Kompyuta nyingi za zamani huhifadhi namba kwa biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1. Moja hushika alama ya kujumlisha au kutoa; zilizobaki 31 ni kama siku zako za Januari, kila moja maradufu ya iliyotangulia. Kwa hiyo 2,147,483,647 ndiyo dari yao. Mitambo inayohesabu sekunde hivyo tangu 1 Januari 1970 itaigonga dari hiyo Jumanne, 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, ile ambayo haijarekebishwa itadhani ni Desemba 1901. Ndiyo maana mafundi wanaihamishia kwenye biti 64.

Alfajiri hiyo, kabla jua halijachomoza juu ya kilima cha Wanale, sekunde zitakuwa zimetimiza idadi ya zile punje zako za kahawa. Euler hakuwa na kompyuta. Alitaka tu kujua kama namba hiyo inagawanyika.