Injini zilizonyamaza kuliko zote

Miongoni mwa magari ya mwanzo kabisa kufika Seronera, Serengeti, ni Ford ya mwindaji wa Kimarekani, L. Simson, aliyeingia mwaka 1920. Wakati huo gari la abiria la Ford lilikuwa aina moja tu, Model T: silinda nne, lita 2.9, nguvu za farasi 20, na mtetemo wa kugonganisha meno.

Mtetemo huo una chanzo chake. Silinda nne zikipangwa mstari mmoja, pistoni mbili hupanda na mbili hushuka, na ungedhani zinamalizana. Hazimalizani. Pistoni huenda kasi zaidi ikiwa upande wa juu wa silinda kuliko wa chini, kwa hiyo krenki ikizunguka mara moja, injini nzima hurushwa mara mbili. Abiria anaupokea mrusho huo kitini.

Wa kwanza kuuvalia njuga mtetemo

Ni Frederick Lanchester wa Birmingham, Uingereza. Katika magari yake ya miaka ya 1890 alifunga krenki mbili zinazozunguka kinyume, hii ikivuta huku, ile kule. Baadaye akabuni shafti mbili ndogo zenye uzito upande mmoja, zinazozunguka mara mbili ya kasi ya krenki ili kumeza ule mrusho uliobaki. Mitsubishi waliifufua kazi hiyo miaka ya 1970. Mwenye Pajero ya dizeli yenye injini ya 4D56 kule Tarime au Sirari ana shafti hizo chini ya boneti, na fundi akimshauri atoe mkanda wa kuzizungusha ili kuepusha usumbufu, ajue anatoa nini.

Tulivu kuliko zote za zama zake

Silinda sita katika mstari mmoja humalizana kweli. Kampuni ya Napier ndiyo ya kwanza kuziuza kwa mafanikio, lakini krenki ndefu ilijipinda na kujisokota kama kamba, ikaleta mtetemo wa aina nyingine. Henry Royce wa Rolls-Royce akatengeneza krenki nene, akaikalisha kwenye beringi saba. Gari lililotokana nayo ndilo Silver Ghost, na jina lenyewe, mzuka wa fedha, lilitokana na rangi na ukimya wake. Mwaka 1907 lilikwenda maili 14,371, zaidi ya kilomita 23,000, bila kusimamishwa na ubovu.

Mwaka huohuo, tarehe 10 Agosti, Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam na Gaggenau ya silinda nne. Alifika Swakopmund, Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909, akawa wa kwanza kuivuka Afrika kwa gari. Rekodi hii ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu Silver Ghost ilikimbia juu ya barabara zilizokwisha kutengenezwa.

Injini ya Royce nayo ilikuja kwetu, lakini kwa vita. Mwaka 1916 ilisukuma magari ya deraya ya Waingereza karibu na Kilimanjaro. 

Zilizotengenezwa nyingi kuliko zote za aina yake

Charles Knight, mchapishaji wa gazeti la wafugaji wa ng'ombe wa maziwa Marekani, alichoshwa na mlio wa valvu za gari lake. Akaziondoa, akaweka mabomba mawili yanayoteleza moja ndani ya jingine kuizunguka pistoni. Daimler wa Uingereza waliuchukua ubunifu huo mwaka 1908, lakini Willys wa Marekani ndio waliotengeneza injini hizo nyingi kuliko viwanda vingine vyote kwa pamoja. Gharama yake ilikuwa oili: injini iliinywa na kuacha moshi wa buluu nyuma.

Martin na Osa Johnson walitumia Willys-Knight katika safari zao za miaka ya 1920 za kupiga picha za sinema za simba Kenya na Tanganyika. Nawapenda kwa hilo. Wengine wa miaka hiyo waliwapiga simba wa Serengeti risasi kutoka ndani ya magari, hadi Denys Finch Hatton, mwenyewe mwindaji, akaandika katika gazeti la The Times kulaani.

Mpangilio unaodumu

Kwenye lango la Ikoma la Serengeti, magari mengi ya watalii ni Land Cruiser zenye injini ya 1HZ: dizeli, lita 4.2, silinda sita mstari mmoja kama Silver Ghost. Kwa mizani ya pistoni, mpangilio ni uleule wa Royce. Kelele iliyobaki ni ya dizeli inayolipuka kwa ghafla ndani ya silinda, na shafti hazina la kuifanyia. Ndiyo maana dereva akiwaona simba wamelala kivulini, hukaribia polepole, kisha huzima injini.