Utulivu wa Wajapani unatoka wapi?



Kila mara habari za Japani zinapotufikia kwa redio, wengi husema maneno yale yale: wale ni watu wa namna nyingine, wamezaliwa na utulivu. Baada ya tetemeko la ardhi na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011, iliyoua karibu watu 16,000, dunia nzima iliona picha za watu waliopoteza nyumba na ndugu wakipanga mstari kungoja chakula bila kusukumana. Hapa Kisangani, ambako kugawa maharagwe na maturubai kumewahi kuleta ngumi, tumeulizwa zaidi ya mara moja: wao wanawezaje? Tunajaribu kujibu kwa msaada wa antropolojia, yaani elimu inayochunguza namna watu wanavyoishi pamoja. Na tuseme mapema kwamba jibu halimo katika damu.

Kwanza tujue kwamba Wajapani nao wametuchunguza sisi. Tangu miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto wamefanya kazi katika misitu ya Kongo, wengine kwa Wambuti wa Ituri, wengine kwa Wabongando wa Djolu, magharibi ya jimbo letu. Mmoja wao, Daiji Kimura, aliona kwamba Mbongando hamsalimu jirani wa nyumba za karibu. Kwao, watu wanaosikia sauti za wenzao kutoka nyumba hadi nyumba tayari wako pamoja. Salamu ni ya yule anayetoka mbali. Mgeni mwenye haraka angeandika kwamba Wabongando hawana adabu. Basi nasi tusiwe na haraka tunapowatazama wengine.

Kitabu kilichojulikana sana juu ya Wajapani kilitoka mwaka 1946. Mwandishi wake, Ruth Benedict wa Marekani, hakukanyaga Japani, maana alifanya utafiti wakati nchi hizo mbili zikiwa vitani. Aliwahoji Wajapani walioishi kwao. Alieleza neno «on», deni la fadhila ambalo mtu hubeba kwa waliomtendea mema, na neno «giri», wajibu wa kulipa. Je, hayo ni mageni kwetu? Anayekuja kwenye kilio na mfuko wa mchele, jina lake linaandikwa katika daftari, na siku atakapofiwa yeye daftari linafunguliwa.

Aliyetusaidia zaidi sisi ni Chie Nakane, mwanamke wa Kijapani aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Tokyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1967 alisema watu hujikusanya kwa njia mbili: kwa kile mtu alicho, kama ukoo au kazi yake, au kwa mahali alipo, kama nyumba, kijiji au kampuni. Wajapani, alisema, huegemea mahali. Mjapani akijitambulisha hutaja kwanza kampuni anakotoka, ndipo aeleze kazi anayofanya. Sisi tukikutana na mtu tusiyemjua kwenye kivuko cha Lubunga, tunauliza: wewe wa kabila gani?

Lakini moyo huo wa mahali hauji wenyewe. Japani watoto wa shule hufagia madarasa yao na kugawiana chakula cha mchana kwa zamu. Katika mitaa kuna vyama vya majirani, na jalada la matangazo hupita nyumba hadi nyumba: unasoma, unatia alama, unampelekea jirani wa pili. Humo mna siku ya kusafisha mtaa, habari ya takataka, siku ya mazoezi ya kujikinga na maafa. Ndiyo maana mwaka 2011, ndani ya majengo ya shule yaliyojaa watu, wengi walijua la kufanya: walijigawa katika vikundi, wakachagua wakubwa wa vikundi, wakapanga zamu za kupika na za vyoo. Walikuwa wamezoea tangu utotoni.

Wala tusiipambe hali hiyo. Mwaka 1940 serikali ya vita iliamuru vikundi hivyo vya majirani kila mahali, kugawa chakula na pia kuchungulia nani anasema nini. Wazee wetu wanaokumbuka salongo ya wakati wa Mobutu wataelewa bila maelezo marefu: kazi ya pamoja ikitoka juu kwa amri, watu wanashika fagio huku wanalaani.

Na kuna jambo zito zaidi. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko liliharibu Tokyo na Yokohama na watu zaidi ya 100,000 walikufa. Mara uvumi ukaenea kwamba Wakorea, ambao nchi yao ilikuwa chini ya utawala wa Japani, wanatia sumu visimani na kuchoma nyumba. Haikuwa kweli. Majirani wale wale wenye adabu waliunda vikundi vya ulinzi, wakaweka vizuizi njiani na kuwalazimisha wapita njia kutamka maneno magumu kwa ulimi wa Mkorea. Aliyekosea aliuawa. Maelfu walikufa hivyo, na baadhi ya askari na polisi walishiriki. Mahali pakiwa ndiyo kila kitu, asiyehesabiwa kuwa wa mahali anabaki bila mtu wa kumtetea. Kwa familia zilizovuka mto kutoka Lubunga tangu Februari 2023, mzozo wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipogeuka kuwa moto na mapanga, hatuna haja ya kueleza uvumi unavyokimbia.

Hata hivyo huko Tsurumi, Yokohama, mkuu wa polisi Tsunekichi Okawa aliwaficha Wakorea wapatao 300 ndani ya kituo. Umati ulikuja kuwadai. Inasimuliwa kwamba alichukua chupa ya maji waliyodai yana sumu, akainywa mbele yao. Viongozi wanaosoma ukurasa huu watambue kwamba aliujibu uvumi kwa kitu ambacho kila mtu aliweza kukiona kwa macho yake.

Jambo la mwisho linahusu namna ya kuwapanga waliohama. Baada ya tetemeko la Kobe, tarehe 17 Januari 1995, nyumba za muda zilitolewa kwa kura, na wazee na walemavu wakatangulizwa. Ilionekana kuwa haki, na nia ilikuwa njema. Lakini kura ilitenganisha majirani. Wazee walijikuta katikati ya watu wasiowajua, na wengi walikufa peke yao chumbani bila mtu kujua kwa siku kadhaa. Wajapani walijifunza kwa uchungu. Oktoba 2004, tetemeko lilipokipiga kijiji cha milimani cha Yamakoshi, wakazi wapatao 2,000 walihamishiwa mji wa Nagaoka, na safari hii walipangwa kitongoji kwa kitongoji, jirani karibu na jirani yake wa zamani.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa maeneo na mashirika yanayoandikisha familia: kabla ya kugawa vibanda kwa namba za orodha, waulizeni watu walikuwa wakiishi karibu na nani, na mwandike jibu hilo kando ya jina. Kazi hiyo inahitaji safu moja tu zaidi kwenye daftari. Yamakoshi watu walianza kurudi baada ya miaka miwili hivi. Si wote waliorudi, lakini waliorudi walikuwa bado wanajuana.