"Au" mbili za fundi umeme

Kabla gridi ya Taifa haijafika, miji ya Ngara na Biharamulo iliwashwa na majenereta ya dizeli ya TANESCO, shirika la umeme la Tanzania. Leo maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Ngara na Rwanda, yana mitambo 3 yenye uwezo wa jumla wa megawati 80, na umeme wake hugawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Hata hivyo, mwenye mashine ya kusaga hajaliuza jenereta lake. Umeme ukikatika anavuta kamba, kisha anageuza mpini wa chenjiova ukutani, swichi ya kuchagua kati ya TANESCO na jenereta.

Mpini huo unafundisha kompyuta kuliko vitabu vingi.

Tuiite swichi ya TANESCO A, ya jenereta B. Iliyowashwa ni 1, iliyozimwa ni 0. Jedwali la ukweli ni orodha ya hali zote zinazowezekana, hata zile usizozitaka, pamoja na jibu la kila hali. Swichi 2 zina hali 4; 3 zina 8; 10 zina 1,024.

Lango la mantiki ni sakiti ndogo inayotii jedwali lake. Lango la NA hutoa 1 pale tu maingizo yote ni 1: pale Rusumo lori halivuki hadi Tanzania na Rwanda ziwe zimeridhia. Lango la SI hugeuza: taa ya dharura huwaka umeme ukikosekana.

Matata yako kwenye AU. Ukiulizwa "chai au kahawa?", mwenyeji hatarajii useme vyote. Lakini tangazo la kazi linalotaka cheti au uzoefu halimkatai mwenye vyote viwili. Kiswahili kinamwachia msikilizaji aamue. Kompyuta haina busara hiyo, kwa hiyo ina malango mawili. Tukipanga hali za A na B kwa mistari 00, 01, 10 na 11, AU ya kawaida hutoa 0, 1, 1, 1. AU ya kipekee hutoa 0, 1, 1, 0. Tofauti yote iko mstari wa nne, A na B zikiwa 1 pamoja.

Chenjiova hufuata AU ya kipekee. Mpini juu ni TANESCO, chini ni jenereta, katikati ni giza. Mahali pa mstari wa nne hapapo kabisa, na fundi aliyeibuni alikuwa na sababu: swichi zote mbili zikiwashwa, umeme wa jenereta hurudi kwenye laini, transfoma huupandisha, na fundi aliye juu ya nguzo akidhani laini imezimwa anaweza kufa.

Hesabu hii ya 0 na 1 ilianzishwa na Mwingereza George Boole, aliyechapisha kitabu chake cha kwanza cha mantiki mwaka 1847. Mwaka 1937 Claude Shannon, mwanafunzi wa MIT, Marekani, alionyesha kwamba inatosha kueleza sakiti za swichi.

Na mstari ule wa nne ndio unaojumlisha. Katika namba za 0 na 1, moja jumlisha moja huandikwa 10. AU ya kipekee inatoa ile 0, NA inatoa 1 ya kubeba. Salio la simu yako hujumlishwa kwa malango ya aina hiyo.

Kama jenereta lako umeliunganisha kwenye soketi kwa waya wenye plagi pande zote mbili, bila chenjiova, lichomoe leo, umwite fundi mwenye leseni.