Gari Likifa Huzikwa na Nani?

Hakuna lenye mwanzo lisilokuwa na mwisho. Kila gari unaloliona barabarani, liwe jipya la kung'aa au mkweche wa kusukumwa, siku yake itafika. Je, siku hiyo mzigo ni wa nani? Ni wa mwenye gari, ni wa serikali, au ni wa kampuni iliyolitengeneza?

Zamani kampuni ikishauza gari ilinawa mikono. Lakini mwaka 2000 Muungano wa Ulaya ulipitisha sheria iliyowataka watengenezaji wabebe gharama, zote au sehemu kubwa, za kupokea magari yaliyokufa, ili mwenyewe asitozwe kitu. Sheria hiyo iliweka lengo kwamba kuanzia mwaka 2015, asilimia 95 ya uzito wa gari isitupwe. Asilimia 85 itumiwe tena kama vipuri au malighafi, na nyingine yaweza kuchomwa ili kupata nishati.

Basi makampuni yakaanza kufikiria kifo cha gari kabla halijazaliwa. Vipande vya plastiki hupigwa chapa ya aina yake, ili vya aina moja viyeyushwe pamoja. Matumizi ya sumu kama risasi na zebaki yalipunguzwa. BMW ilifungua kituo cha kufumulia magari karibu na Munich mwaka 1994. Renault nayo ilikuwa imeanza zamani: tangu mwaka 1949 ilifufua injini kuukuu kule Choisy-le-Roi, Ufaransa. Injini hufunguliwa, huoshwa, sehemu zilizolika hubadilishwa, kisha huuzwa kwa bei nafuu kuliko mpya.

Japani walikuja na njia yao mwaka 2005. Huko mnunuzi hulipa ada ya "mazishi" mapema, anaponunua gari jipya. Gari likifa, pesa hizo huwasaidia watengenezaji kushughulikia vitu vitatu visivyo na mnunuzi: gesi ya kipozahewa, mifuko ya hewa inayofura wakati wa ajali, na takataka inayobaki gari likisagwa. Chuma hakina shida, maana wanunuzi wake ni wengi.

Sasa hebu tutazame hapa kwetu. Magari mengi yanayoingia Kenya ni mitumba kutoka Japani. Gari likisafirishwa nje ya nchi hiyo, anayelisafirisha anaweza kudai arudishiwe ile ada. Kumbe gari hutua Mombasa bila sanda!

Wengine watasema, eti sisi tuna jua kali. Ni kweli, na mafundi wetu wanastahili sifa. Mlango huuzwa, gia huuzwa, bati hugeuka jiko na tairi hugeuka akala. Kwa kutumia vitu tena, hatuna la kujifunza kwa mtu! Lakini fundi hulipwa na kile kinachouzika tu. Mafuta machafu humwagwa chini na gesi huachiliwa hewani. Hata kinachouzika huweza kuua. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwadhuru wakazi kwa sumu ya risasi, watoto wakiwemo, kabla ya kufungwa mwaka 2014.

Sheria ya kudhibiti taka iliyopitishwa Kenya mwaka 2022 inamtaka mzalishaji, pamoja na anayeagiza bidhaa kutoka nje, awajibikie taka ya bidhaa yake. Kwa maoni yangu, hilo ndilo tulilokosa. Kila gari linaloingia bandarini lije na ada yake ya mazishi, na ada hiyo imfikie fundi: apate mapipa ya mafuta machafu, glavu, na mahali pa kupeleka betri.

Wanafunzi wenzangu, baadhi yetu kesho tutakuwa wahandisi, wengine waagizaji magari. Tukumbuke kuwa anayefaidi maisha ya gari hana budi kugharimia mazishi yake.